Nilivyokwenda Houston Kudai Jina la Mama

Sikwenda Marekani kutembea. Nalisema mapema ili anayetaka habari za majumba marefu atafute mtu mwingine wa kumsimulia. Wako wengi, na baadhi yao hata hawajafika huko. Mimi Wekesa wa Turbo, niliyeacha shule darasa la nne kwa sababu ya ng'ombe wa baba, nilipanda ndege mwaka wa 2019 kwa sababu nilikuwa na hasira. Mtu wa umri wangu akikasirika huambiwa akae chini ipite. Nilikaa chini. Haikupita.

Hasira yenyewe niliipata kanisani, lakini mizizi yake ni ya zamani. Baba yangu alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni Nafula, aliyezaa wavulana watano, na kifungua mimba wake ni Barasa, ambaye yu hai na anakaa ng'ambo ya ua wangu. Mdogo ni Nasimiyu, aliyenizaa mimi akakomea hapo. Kwa nini alikomea hapo ndicho kisa chenyewe, kwa hiyo nivumilieni.

Zama za mkoloni tuliishi kwenye shamba la Myahudi mmoja tuliyemwita Bwana Rozeni, aliyekimbia kwao Ujerumani kabla vita ya Hitla haijawaka. Hakuwa mkulima. Kwao alikuwa akiuza miwani, na jembe alilishika kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia. Wazungu wa eneo lile hawakumwalika kwenye klabu yao. Sisi tulishangaa: Mzungu anabaguliwa na Wazungu! Baba alikamua ng'ombe wake, na mama akawa mpishi na yaya wa binti yao mdogo. Kila Ijumaa mama alikanda unga wa ngano kwa ajili ya Sabato yao, akausuka kama anayesuka nywele, na mkate ukitoka kwenye joko uling'aa mgongoni. Mpaka leo nikiona mtoto wa kike amesukwa vizuri, nasikia njaa.

Msimu mmoja wa mvua, Bwana akiwa Nairobi, yule mtoto alishikwa na malaria ikampanda kichwani. Lori likazama kwenye matope. Mama alimfunga mtoto mgongoni, akaenda naye kwa miguu mpaka Eldoret, akavuka mto uliofurika, maji yakimfika kifuani, na yeye mwenyewe alikuwa mjamzito. Mtoto wa Rozeni alipona. Mimba ya mama ilitoka, na baada ya hapo hakushika nyingine. Nafula akampa jina: Mti wa Tunda Moja. Alimwita hivyo kisimani, alimwita hivyo matangani, na mimi hilo tunda nikiwa nimesimama pale pale nikisikia.

Sasa, miaka kadhaa iliyopita akaja profesa Mmarekani mwenye ndevu, akalala kwa mapadri. Alisema Kiswahili safi mno, kile cha kuvaliwa Jumapili. Alikuwa anaandika habari za Wayahudi waliokuja kulima huku kwetu. Nilimweleza yote, chai akanywa, ndizi akala. Nikamwambia: andika Nasimiyu binti Khaemba, usikosee. Akaandika. Nilimwona kwa macho yangu.

Kitabu kilipotoka, mtoto wa Barasa ambaye ni mwalimu wa sekondari ndiye aliyekileta kijijini. Kwenye jalada yuko mama yangu, amesimama mlangoni pa jiko na binti wa Rozeni mgongoni. Ndani, kisa cha mto kimeandikwa chote, hakuna tone la maji lililosahauliwa. Na aliyevuka mto huo, kwa maneno ya kitabu, ni Nafula.

Hamkukosea kusoma. Nafula.

Barasa alijua ukweli kama anavyojua njia ya kwenda chooni kwake. Alifanya nini? Alilitia jalada lile kwenye fremu akalitundika sebuleni. Na siku ya misa ya ukumbusho wa mama yake, mwalimu akasimama mbele ya kanisa zima akausoma ukurasa ule wa mto, wanawake wakapiga vigelegele. Nikasimama nikasema, "Huyo ni mama yangu!"

"Keti, Tunda," akasema Barasa bila kugeuka.

Na katekista, kijana niliyemshika mkono siku ya ubatizo wake, akaniinamia akaninong'oneza: "Mzee Wekesa, hii imeandikwa. Wewe unasema tu."

Hapo ndipo safari yangu ilipoanzia. Mwalimu yule, kwa kujigamba, akaropoka kwamba kitabu kitachapwa tena, chenye jalada jepesi, kiuzwe bei ya watu wa kawaida. Wanaokichapa, akasema, wako kwenye chuo kikuu mjini Houston, kazi yao ni vitabu vya habari za Wayahudi na elimu za kibinadamu. Nikauliza Houston iko wapi. Kumbe iko Teksasi, na binti yangu Nekesa yuko Teksasi! Ni muuguzi, anakaa DeSoto, upande wa kusini wa Dallas. Tangu siku hiyo sikulala mpaka aliponitumia mwaliko.

Ubalozini Nairobi niliwaambia nakwenda kuona wajukuu. Haukuwa uongo. Niliwaona.

Ndani ya ndege sina la kusimulia ila moja. Mhudumu aliniletea mkate wa kusokotwa, mdogo kama kidole, ndani ya nailoni. Nikaugeuza geuza. Ulikuwa umesukwa na mashine, na mshono ulikuwa umefumuka upande mmoja. Nikauacha. Jirani yangu akauomba, akala.

Uwanja wa ndege wa Dallas ni mkubwa kama wilaya. Unapanda treni na bado hujatoka uwanjani. Nekesa alinipokea amevaa nguo zake za kazi, amenenepa, akaanza kulia. Nikamwambia, "Machozi baadaye. Houston ni lini?"

"Baba! Hata maji hujanywa."

Nje, joto lilinipiga usoni kama mlango wa joko uliofunguliwa. Ukiingia ndani ya gari, baridi ya Julai ya kule milimani Timboroa. Ukitoka, joko. Ukiingia dukani, Timboroa tena. Sijui watu wale hawapati kichomi kwa namna gani.

DeSoto ni mji wa nyumba nzuri zisizo na watu. Nilikaa barazani asubuhi nzima kungoja mtu wa kumsalimu. Walipita mbwa wawili na mwanamke anayekimbia bila kufukuzwa. Mjukuu wangu, ambaye tumempa jina Nasimiyu, nikimsemesha ananijibu kwa Kiingereza huku akitabasamu. Wenzake shuleni wanamwita Nasi. Nikamuuliza Nekesa, "Na hilo nalo limekatwa na nani?"

"Baba, usianze. Ni rahisi kwao tu."

"Kila mahali jina la mama yangu ni gumu kwa mtu."

Nekesa alikuwa amewaandikia wale wachapishaji barua pepe, si mara moja. Kila mara walimjibu: asante kwa ujumbe wako, tutauangalia. Nikamwambia anayeangalia kitu kwa muda wote huo ama ni kipofu ama hataki kukiona.

Jumapili tulikwenda misa ya Kiswahili, na baadaye Nekesa akakaribisha watu nyumbani. Wakaja Wakenya, wauguzi wenzake, na mzee mmoja Mrundi aitwaye Sirili, aliyekaa kambi ya Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa Teksasi. Anafanya kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, huko Irving. Tukala nyama. Nikamsimulia kisa changu, akacheka mpaka akaweka sahani chini.

"Mzee mwenzangu, weye unalia kwa jina moja? Angalia kitambulisho changu. Nilizaliwa tarehe mosi Januari. Mke wangu, tarehe mosi Januari. Kambi nzima tulizaliwa siku moja! Na jina langu wameliweka nyuma mbele. Nikiitwa hosipitali, nafikiri wanamuita mtu mwingine."

"Na umekubali?"

"Nikatae niende wapi? Mshahara unaingia kwa jina hilo hilo."

Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Sirili, wewe wamekukosea wakiwa na haraka. Mama yangu wamemkosea polepole, kwenye meza, na miwani machoni."

Akatikisa kichwa. "Haya basi, nenda. Lakini usiwapige. Hapa ukimpiga mtu unalipa mpaka meno aliyokuwa nayo zamani."

Wiki hiyo hiyo Nekesa akaomba siku ya mapumziko na tukaondoka kabla jua halijakomaa. Barabara ya kwenda Houston imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Malori yanakwenda kama yameiba kitu. Tulisimama kwenye kituo cha mafuta kikubwa kuliko soko la Eldoret, wanauza nyama kavu ya kila aina. Nikanunua kidogo, ilikuwa na sukari. Nyama yenye sukari! Mbele zaidi, kando ya barabara, ipo sanamu nyeupe ya mzee mmoja, imesimama juu ya miti yote. Nikauliza ni nani huyo.

"Shujaa wao wa zamani, baba. Jina limeandikwa chini pale."

"Bila shaka limeandikwa," nikasema. Nekesa akaongeza sauti ya redio.

Houston tulifika mchana. Mji umetandazwa kama mtu aliyemwaga mahindi akashindwa kuyakusanya. Nilikuwa nimejiandaa kukuta kiwanda: mashine zinanguruma, vijana wenye wino mikononi, marundo ya karatasi. Tukapelekwa ghorofa ya juu ya jengo la chuo, kwenye vyumba vitatu vilivyo kimya kama sakristia. Rafu, vitabu, na mama mmoja wa makamo yangu, au chini kidogo, mvi amezikata fupi, viatu vya mpira. Jina lake Hana, na ndiye mhariri wa kitabu chetu. Naye ni Myahudi, nilimuuliza, hakukasirika. Akatueleza kwamba zamani walikuwa chini kabisa ya jengo, mpaka mafuriko ya juzi juzi yalipoingia yakalowesha vitabu vyao, ndipo wakapandishwa huku.

"Mashine iko wapi?" nikauliza. Nekesa akatafsiri.

"Hatuchapi hapa. Kuchapa kunafanywa mbali. Sisi tunasoma."

"Mnasoma tu?"

"Tunasoma, tunasahihisha, tunawapelekea wasomi wengine nao wasome, wanaturudishia na makosa waliyoyaona, tunasahihisha tena."

"Na kwa kusoma kote huko, hakuna aliyeona kwamba jina la mama yangu silo?"

Yule mama akavua miwani. "Tuliliona. Tulijua silo. Lilibadilishwa kwa makusudi."

Ndugu zangu, nilikuwa nimebeba hasira ya kosa. Hasira ya makusudi sikuwa nimeibeba, ilibidi nikae.

Akaeleza, na Nekesa akanifungulia maneno yake. Chuo cha yule profesa kina kanuni. Msomi akimhoji mtu aliye hai, jina la mtu huyo na la jamaa zake hufichwa, wasije wakadhurika. Kwa hiyo profesa alikaa akachagua majina mengine. Mimi nikawa Mzee Yohana. Mama akatafutiwa jina la kawaida la wanawake wa kwetu, na profesa, aliyeishi kwa mapadri na hakuwahi kuuliza majina ya wake wa baba, akachagua Nafula. Kwamba ni jina la mke mwenza hakujua. Hakuna aliyejua. Wasomi wote wale wakalipitisha.

"Nidhurike na nani?" nikauliza. "Muulize. Anidhuru nani? Mkoloni amekwenda. Rozeni amekufa. Mama amekufa. Mtu pekee anayenidhuru ni Barasa, na wamempa silaha wao wenyewe!"

Nekesa akasema maneno machache ya Kiingereza.

"Umetafsiri yote?"

"Nimesema umesikitika, baba."

"Sikusikitika! Tafsiri kama nilivyosema!"

Yule mama akainua mkono akasema jambo. Nekesa akaona haya. "Anasema ameshaelewa, hata bila tafsiri."

"Basi aniambie, mbona Rozeni hawakumlinda? Jina lake lipo, la mkewe lipo, la mtoto lipo, hata la mbwa lipo."

Akajibu kwamba ya akina Rozeni yalikuwa yameshaandikwa kwenye karatasi za serikali, na jamaa zao waliulizwa wakatoa ruhusa. Yaani aliyeandikwa zamani anaendelea kuandikwa, na asiyeandikwa analindwa.

Nilisimama nikaenda kwenye rafu, maana nikikaa karibu na mtu nikiwa hivyo, mikono hainitii. Macho yakaangukia kitabu kinene kuliko vyote. Nikauliza hicho ni cha nini. Yule mama akakitoa kwa mikono miwili, akakifungua mezani. Kurasa na kurasa, hakuna kisa, hakuna picha. Nikauliza yameandikwa nini.

"Majina," akasema. "Watu wa mji mmoja wa Poland. Waliuawa wote wakati wa vita. Waliobaki, wachache, walikaa wakakumbuka nani alikuwa anakaa nyumba ipi, mke wake nani, watoto wake nani. Wakaandika mpaka wakamaliza mji."

"Walikuwa na shahidi?"

"Walikuwa na kumbukumbu."

Nikaweka kidole juu ya ukurasa. "Huyu mmemlinda? Na huyu? Mbona hamkuwapa majina ya kawaida ya wanawake wa Poland? Nyinyi, mama, nyinyi kuliko watu wote mnajua ulivyo uchungu wa jina kupotea. Angekuwa Mzungu mwingine ningesema hajui. Wewe unajua! Na ukiwa unajua, ukakaa na miwani yako ukamfuta mama yangu kwa adabu!"

Safari hii Nekesa alitafsiri yote. Nilijua kwa sababu sauti yake ilitetemeka. Yule mama akakifunga kitabu, akaacha kiganja juu ya jalada. Halafu akainua simu akamtafuta profesa. Wakasemezana. Akaturudia: profesa anasema samahani, alikusudia heshima, na kwa upande wake jina halisi liwekwe. Kitabu kinakwenda kuchapwa wiki hiyo, bado kuna nafasi ya kubadilisha.

Nikadhani tumemaliza. Nikaanza hata kuivaa kofia.

"Ila," akasema.

Ila profesa hana tena maandishi ya mazungumzo yetu. Kanuni ile ile ya kulinda watu ilimtaka ayaharibu. Na kitabu cha wasomi hakibadilishwi jina kwa neno la mtu mmoja, hasa mtu mwenye maslahi. Anahitajika shahidi mwingine aliyemjua. Baada ya barua pepe za Nekesa walikwisha kumuuliza binti wa Rozeni, yule wa mgongoni, ambaye sasa ni bibi kizee. Alilia, akasema alimpenda mwanamke yule kuliko watu wote wa utoto wake. Jina lake? Alimwita Yaya. Hakuwahi kujua kwamba ana jingine.

"Nina maslahi gani mimi?" nikauliza.

"Wewe ni mwanawe."

"Ndiyo! Nina maslahi! Alinizaa! Angekuwa amenizaa mtu mwingine nisingekuwa na maslahi, ningekuwa kwangu nakula ugali!"

Hata msichana mmoja wa chumba cha pili alichungulia. Nekesa akanishika mkono. "Baba, fikiria. Nani mwingine yu hai aliyekuwa pale shambani?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza, na lilikuwa chungu kama mwarobaini. Wazee wote wa shamba lile wamekwisha. Amebaki mmoja. Nilizunguka chumba kile mara sijui ngapi. Kisha nikasema, "Mpigie."

Kule kwetu ilikuwa usiku. Nekesa akaiweka simu katikati ya meza, sauti ikatoka kubwa.

"Tunda! Huko majuu kuna baridi?"

"Kuna joto."

"Rudi basi, hata hapa lipo na hulipii."

"Barasa, niko na wale watu wa kitabu."

Ng'ombe akalia upande wake, na mke wake akasikika akiuliza ni nani.

Nekesa akainama juu ya simu. "Baba mkubwa, habari ya huko. Kuna mama hapa ana swali moja tu kwako. Yule mwanamke kwenye jalada, ni mama yako?"

"Mwambie huyo mama, mama yangu alikuwa mrefu."

"Si mrefu wala mfupi, baba mkubwa. Ni yeye au siye?"

Nilimsikia akipumua. Nilijiambia, sasa atasema ndiye, na mimi nitakuwa nimevuka bahari kwenda kumzika mama mara ya pili.

"Siye," akasema Barasa. "Huyo ni Nasimiyu. Mama yangu alikuwa anaogopa maji hata ya kuoga. Aliporudi kutoka Eldoret mimi ndiye niliyetumwa kumwita mkunga, nilikimbia gizani mpaka nikapoteza kiatu. Andikeni Nasimiyu. Na mwambieni huyo ndugu yangu asirudi bila viatu vyangu vya kahawia, alivichukua bila kuomba." Akakata.

Mhariri alikuwa ameshaanza kuandika. Anauliza Nasimiyu ina herufi gani, Khaemba ina herufi gani, kalamu inakimbia. Alitazama juu akasema, na Nekesa akanipa maneno yake polepole: ushahidi wa namna hii ndio bora kabisa, maana huyu amesema kinyume cha faida yake mwenyewe.

Mnasikia? Mtu aliyeshangilia uongo kanisani, aliyeutia kwenye fremu, neno lake limepokewa kwa sababu alikuwa mwongo. Mimi niliyesema kweli tangu siku ya kwanza, neno langu halikutosha kwa sababu ni kweli yangu. Nikamwambia Nekesa amwambie hivyo. Hakutafsiri. Akanivisha kofia.

Mlangoni yule mama alinipa mkono, akasema kwa Kiswahili alichofundishwa dakika hiyo, "Samahani, Baba." Niliipokea, mimi si mnyama. Lakini kusamehe ni kazi, na siku hiyo nilikuwa nimechoka.

Kurudi DeSoto nilinyamaza njia nzima, jambo lililomtisha Nekesa kuliko makelele. Nilikaa kwao siku zilizobaki nikamfundisha mjukuu kutamka jina lake lote, akicheka. Uwanjani aliniaga kwa Kiingereza, ila jina alilitamka lote.

Turbo nilikuta fremu imetolewa sebuleni kwa Barasa, mahali pake pana kalenda ya chama cha ushirika cha maziwa. Viatu vyake nilivirusha juu ya ua.

Mwanzoni mwa 2020, kabla ndege hazijasimama, kitabu kipya kikafika, chenye jalada jepesi. Nikamwita mwalimu yule yule, nikamwita na katekista, nikawakalisha kwangu. Mwalimu akasoma chini ya picha: Nasimiyu Khaemba. Akasoma ukurasa wa mto: Nasimiyu. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Katekista akatazama miguu yake.

"Kuna maneno madogo hapa chini," mwalimu akasema.

"Soma."

"Jina hili limethibitishwa na Bwana Kristofa Barasa, mzee wa familia, ambaye mwandishi anamshukuru kwa moyo wote."

Jina lake lote, mpaka la ubatizo, ambalo hata mkewe halitumii. Nikauliza, na mimi je? Akapekua. Mimi bado nimeandikwa: Mzee Yohana, si jina lake halisi. Katika kelele zote zile za Houston, la kwangu sikukumbuka kulidai.

Basi nilichojifunza ni hiki. Mtu akikwambia amekuficha ili akulinde, muulize kwanza amemwacha nani wazi. Na ukisimulia kisa cha kwenu, usisimulie kwa mtu mmoja mwenye ndevu. Simulia mbele ya adui yako, maana siku moja wakubwa watamtaka yeye. Mama amerudi kwenye jina lake, na mimi bado nina hasira, yote mawili yanakaa ndani yangu bila kusukumana.

Jana Barasa alipita uani kwangu amevaa koti la Pasaka, kitabu kwapani, anaelekea shuleni kuwaonyesha walimu mahali aliposhukuriwa. Nilikuwa napukuchua mahindi. Nikamwambia, "Ukifika huko, waambie na huyo Yohana ni nani."

Akasimama, akakuna kidevu.

"Nitawaambia," akasema. "Lakini wewe una maslahi. Watataka shahidi mwingine."

Nilimtupia gunzi. Halikumpata.